Bei ya Tani Moja ya Moshi

Choma lita 430 hivi za petroli na utakuwa umeachia angani tani moja ya hewa ukaa. Tani hiyo italeta hasara: mavuno kupungua, nyumba kusombwa, watu kuugua kwa joto. Ni hasara ya shilingi ngapi? Serikali ya Marekani imekuwa na jibu lake rasmi, kwa dola, na jibu hilo hubadilika Ikulu inapobadili mpangaji.

Mwaka 2010, chini ya Barack Obama, jopo la serikali lilikadiria dola 21. Donald Trump akalivunja jopo mwaka 2017, na hesabu zikashuka hadi kati ya dola 1 na 7. Joe Biden akapandisha hadi 51 mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo likafikia 190. Trump aliporudi Januari 2025, jopo likavunjwa tena siku ile ile aliyoapishwa.

Namba hii ilikuwa na kazi. Kanuni za magari au mitambo ya umeme hupimwa kwanza kwa gharama na faida. Tani ikiwa dola 190, kudhibiti moshi kunalipa. Ikiwa dola 1, kunaonekana ni kuwaonea wenye viwanda tu.

Sayansi ya kaboni haikugeuka katika miaka hiyo. Kimojawapo cha vilivyochezewa ni kiwango cha punguzo, yaani kasi ambayo wachumi huishusha thamani ya fedha ya baadaye. Chukua hasara ya dola 1,000 itakayotokea miaka 100 ijayo. Kwa punguzo la asilimia 2 kwa mwaka, leo inaandikwa dola 138. Kwa asilimia 3, dola 52. Kwa asilimia 7, ambayo serikali ya Trump iliitumia kupata makadirio yake ya chini, inabaki dola 1 na senti 15. Vitukuu wamefutwa kwenye daftari bila mtu yeyote kubishana na kipimajoto. Ni kweli wachumi wenyewe hawaelewani hapa. Nicholas Stern na William Nordhaus wamevutana kwa miaka. Lakini asilimia 7 ni faida anayoitarajia mwekezaji wa mtaji, na sioni kwa nini ipime uhai wa watu ambao hawajazaliwa.

Jambo jingine lilikuwa mpaka. Hesabu za serikali ya Trump ya kwanza, baada ya 2017, zilijumlisha hasara za ndani ya Marekani peke yake. Mkulima wa Rufiji au mfugaji wa Turkana akiumizwa na tani iliyotoka Texas, kwenye karatasi zile alikuwa sifuri. Upinzani wa namna hii dhidi ya kudhibiti moshi naona ni mgumu kuukabili kuliko ule wa majukwaani, kwa sababu umejificha kwenye majedwali.

Kampuni za bima haziwezi kuificha hasara kwenye majedwali hivyo: bima hukatwa mwaka kwa mwaka, na hasara haina pa kusukumiwa. Mei 2023 kampuni ya bima ya State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba California, ikitaja gharama za ujenzi na hatari ya majanga inayokua. Anayekosa bima huko hukimbilia FAIR Plan, mpango ambao kinga yake ni finyu na ada yake mara nyingi ni kubwa zaidi.