Kutoka Ukingo wa Kilimatinde: Maji Yasiyofika Baharini

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Manyoni huvuka tambarare ya Bahi, kisha hukutana na ukuta wa ardhi. Juu ya ukuta huo, kusini-mashariki mwa Manyoni, pamekaa Kilimatinde. Asimamaye hapo akaelekea mashariki huiona nchi yote chini yake: mbuga, mashamba ya mpunga na, katika msimu wa mvua, maji yanayometameta. Wengi hutosheka na uzuri huo, lakini mandhari hiyo yastahili pia kuulizwa maswali.

Swali la kwanza ni umbali. Ikiwa jicho liko meta 200 juu ya tambarare, upeo wa macho uko wapi? Nusu-kipenyo cha dunia ni kilometa 6,400 hivi. Idadi hiyo ikizidishwa kwa mbili, kisha kwa kimo cha kilometa 0.2, hupatikana 2,560, ambayo kipeuo chake cha pili ni takriban 50.6. Basi upeo u umbali wa kilometa 50. Bahi imo ndani ya umbali huo. Ikiwa haionekani, haikufichwa na mviringo wa dunia, bali na vumbi na ukungu wa joto.

Swali la pili ni asili ya ukuta wenyewe. Haukuchongwa na mto. Hapa ndipo unapopita mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa: gamba la dunia lilivutwa, likapasuka, na upande mmoja ukadidimia. Miamba ya matale iliyo juu ina umri unaozidi miaka milioni 2,500, lakini mpasuko wenyewe ni mchanga mno ukilinganishwa nayo, wala haujatulia. Matetemeko yahisiwayo Dodoma mara kwa mara ni ushahidi. Wajenzi wa Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, walilivuka bonde hilo, na kutoka Saranda iliwabidi kuupanda ukingo wake.

Swali la tatu ndilo zito. Mto Bubu hushuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia katika mbuga ya Bahi. Maji hayana njia ya kwenda baharini; hunywewa na ardhi au huvukizwa na jua. Mvukizo huchukua maji matupu, na kila kilichokuja nayo hubaki. Ndiyo sababu Wagogo walipata chumvi hapa tangu zamani, na ndiyo sababu udongo wa mfinyanzi huyashika maji ya mpunga.

Lakini bonde lisilo na mlango halichagui linalopokea. Udongo unaomomonyoka huko juu hauna mwisho mwingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa mwaka 1973, na kuondolewa kwa mifugo katika eneo lililoharibika la Kondoa mwaka 1979, vilihusu vilima vya mbali. Hata hivyo, anayelima Bahi hawezi kuvihesabu kuwa mambo ya wengine.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili wenyewe. Wachote maji ya Bubu katika chupa angavu wakati wa mafuriko, wayaache siku mbili, kisha wapime kina cha tope lililotuama. Zoezi hilo likirudiwa kila mwaka, shule itakuwa na kumbukumbu ya yale yanayotendeka Kondoa, iliyoandikwa na mto wenyewe.