Usichome Taka za Uani, Zigeuze Mboji

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Katika suala la taka za uani, kinga yenyewe haigharimu hata senti.

Majoreni, kati ya Shimoni na Vanga katika Kaunti ya Kwale, ni nchi ya minazi na miembe. Makuti na majani hayaishi kuanguka. Popote penye miti ya namna hii, hata Ukunda na Mombasa, wengi wetu huzichoma taka hizo au huzirundika nyuma ya nyumba. Njia zote mbili ni hatari.

Moshi wake una chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Mwenye pumu huweza kubanwa na kifua siku hiyo hiyo.

Rundo nalo huficha vifuu na makarara yanayoshika maji ya mvua. Humo mbu wa Aedes hutaga, na baada ya juma moja hivi mbu wapya huruka. Huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Ndiye aenezaye dengi, iliyoikumba Mombasa mwaka 2013, na chikungunya, iliyozuka Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017. Ukipata homa na maumivu makali ya viungo, nenda ukapimwe. Usimeze aspirini, kwani ikiwa ni dengi huenda ikazidisha kutokwa na damu.

Sheria ya mwaka 2022 kuhusu taka inatutaka tutenge zinazooza na zisizooza. Zinazooza zifanye mboji hivi:

Chagua mahali penye kivuli. Katakata makuti, kisha panga tabaka za majani makavu, majani mabichi na maganda ya mboga, makavu yakizidi mabichi maradufu. Rundo lifike mita 1 kwenda juu na upana uo huo. Linyunyizie maji liwe na unyevu bila kutota, na uligeuze kila majuma mawili. Usitie nyama wala kinyesi. Ukikuta mabuu meupe ya chonga, adui wa minazi, wape kuku. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi, tayari kwa mchicha wako.

Vifuu vitumie kama kuni za jikoni, au vifunike visishike maji. Vaa viatu na glavu, maana nge hupenda majani makavu.

Msomaji, leo jioni zunguka nyumba yako, umwage kila maji yaliyotuama.