Ziwa Kivu: fimbo ya ndoano ikichosha mkono, samaki anakula chambo na kwenda zake

Usiku, kwenye Ziwa Kivu, macho ya wengi yanatazama ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na taa zake, ikitafuta sambaza. Kukipambazuka ni zamu ya wavuvi wengine. Wanakaa juu ya mawe ya volkano huko Goma, ao kwenye kingo za Bukavu na Idjwi, kila mmoja na fimbo yake ya mwanzi, mshipi wa nailoni na ndoano moja. Wanatafuta tilapia wa kupikwa nyumbani siku ile ile. Akipatikana wa pili, atauzwa.

Wengi wao wanarudi na ndoano tupu, chambo kimeliwa. Lawama inaangukia samaki. Lakini mara nyingi shida iko kwenye fimbo yenyewe, pale mkono unaposhika. Na si jambo dogo: mtu akikosa siku tatu mfululizo, anaanza kuwazia chandarua cha mbu, na chandarua kikipita kando ya ziwa kinazoa hata watoto wa samaki.

Tilapia mara nyingi hanyakui kwa nguvu. Anavuta chambo mdomoni, anakitema, anarudia. Kinachofika kwa mvuvi ni mtikisiko mdogo sana, na mkono uliokazwa hauwezi kuusikia.

Kwa nini mkono unakazwa? Weka fimbo juu ya kidole kimoja, uisogeze mpaka itulie bila kuinama upande wowote. Kwa fimbo ya mita 4, utaona kwamba mahali hapo ni zaidi ya mita moja mbele ya pale unaposhika kila siku. Basi ncha inavuta chini muda wote, kifundo cha mkono kinashindana nayo, na kisha saa moja vidole vinasikia maumivu yao tu.

Wengine wanatia kipande cha chuma ndani ya tundu la mwanzi, upande wa nyuma. Inasaidia, lakini tupige hesabu kwanza. Gramu 10 zilizo mita 3 mbele ya mkono zinahitaji gramu 100 zikae sentimita 30 nyuma yake ili zilingane. Ni afadhali kupunguza zile 10 za mbele! Mwanzi mbichi umejaa maji. Uukaushe kivulini kwa majuma kadhaa. Kwaruza vifundo vya upande wa ncha, toa waya na mafundo ya kamba yasiyo na kazi. (Mwanzi wa kupandwa, bila shaka. Ule wa mlima Kahuzi uko ndani ya hifadhi, kuukata ni marufuku, na machipukizi yake ni chakula cha sokwe wakubwa.) Ikiwa bado ncha ni nzito, ndipo utafute chuma. Ao uegemeze mwisho wa fimbo chini ya mkono, karibu na kiwiko: mkono wote unabeba uzito, vidole vinabaki vimelegea.

Kisha kuna kishikio. Kitambaa ao sponji ya godoro la zamani vinapendeza kiganjani, lakini vinameza mtikisiko kabla haujafika. Viwanda vinajua jambo hilo. Fimbo nyingi za bei kali zina kishikio cha koki, ganda la mti linalotoka zaidi Ureno, kwa sababu ni jepesi, haliteremki likilowa na halilegei kama sponji. Nyingine zinaachwa na nafasi wazi ili kidole kiguse fimbo yenyewe. Mvuvi wa mwanzi anaweza kupata hayo bila kulipa: azungushe ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki pale kiganja kinapokaa, na aache sehemu wazi kwa kidole cha shahada. Unene ufae mkono wake, vidole vikaribie kugusana na kidole gumba. Mtoto anayeshika fimbo ya baba yake hulazimika kuikaza sana.

Kabla ya kwenda ziwani, fumba macho na umwambie mtu akwaruze ncha ya fimbo kwa ukucha. Usiposikia kitu, fungua kitambaa hicho kwenye kishikio, kisha ujaribu tena.