Novemba 10, Kama Kweli Ilikuwa Novemba 10

Kila ifikapo Novemba 10, vipindi vya "leo katika historia" hutukumbusha kwamba siku kama hiyo, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji. Tarehe hiyo imetoka kwenye kitabu cha Stanley. Fungua shajara ya Livingstone mwenyewe, utamkuta mgeni huyo akiwasili mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili walipeana mikono mahali pamoja, kila mmoja na siku yake.

Si ajabu. Livingstone alikuwa ametoka Manyema amechakaa kwa maradhi. Stanley naye, alipokuwa Kwihara pembezoni mwa Tabora, alishikwa na homa hadi akaweweseka, na mgonjwa wa homa hahesabu siku. Kinachonifurahisha ni kwamba ukizipeleka tarehe zao zote mbili kwenye kalenda ya Hijria, zinaangukia mwezi mmoja: Shaabani ya mwaka 1288. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Mfanyabiashara yeyote wa Ujiji aliyekuwa akijiandaa kwa mfungo angeweza kuwaambia wazungu hao wako wapi katika mwaka. Vitabu vikawaamini wagonjwa wawili.

Ukiisoma njia ya misafara kwa jicho hilo, unaanza kuzitilia shaka tarehe nyingi tulizokaririshwa shuleni. Tunajua Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, kwa sababu waliandika. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi hakuandika, lakini mwaka alikuwa nao, tena mwaka wenye mpangilio. Mvua zikikatika alishuka Pwani. Safari ya Bagamoyo ilikula kama miezi mitatu. Akitaka kuwahi kulima, alipaswa kurudi Unyanyembe kabla ya masika kuanza. Msafara uliochelewa ulimaanisha shamba lisilopandwa. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa tarehe.

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mahali pa watu wa aina nyingine kabisa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe, walifungua kituo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Shirika lao lilikuwa na amri iliyotoka kwa Kardinali Lavigerie: kila kituo kiweke shajara. Nani kafika, nani kaugua, nani kazikwa, mvua imenyesha au haikunyesha. Fikiria mtoto aliyetekwa Manyema, akapitishwa mikono mingi hadi Tabora. Siku aliyozaliwa hakuna aliyeijua. Siku ya kwanza ya maisha yake kupata tarehe ilikuwa ile aliyoandikwa na padri, na pengine ya pili ilikuwa ya ubatizo. Kituo kilihamwa mwaka 1889. Baadaye Kipalapala ikarudi kuwa ile wengi wetu tunayoijua: seminari kuu iliyoanza mwaka 1925, na kiwanda cha uchapaji cha TMP, ambacho jina lake lilikuwa chini ya jalada la vitabu vingi vya Kiswahili katika nyumba za Wakatoliki.

Kuandika peke yake, hata hivyo, hakumalizi ubishi. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 25, 1872 na kufia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Maandishi yake ya mwisho ni ya Aprili 27, 1873. Vitabu vinasema alikufa Mei 1. Jacob Wainwright, kijana wa msafara aliyesomeshwa Nasik, India, alichonga kwenye mti mahali pale jina la marehemu, majina ya wenzake watatu na tarehe: Mei 4. Yeye alikuwapo, tena alikuwa na kisu mkononi! Mimi nikiulizwa, namsikiliza wa kwenye mti kwanza. Watumishi wa Livingstone, Chuma na Susi, na wenzao waliubeba mwili hadi Tabora Oktoba 1873, kisha Bagamoyo, na ukazikwa London Aprili 18, 1874. Tarehe hiyo ya mwisho haina mgogoro. Ilikuwa mikononi mwa makarani.

Kuna tarehe ya Tabora inayokumbukwa zaidi ugenini kuliko nyumbani. Septemba 19, 1916, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliuteka mji. Brussels wana mtaa unaoitwa Tabora, na Tombeur akapewa ubaroni wa Tabora. Sisi tumebakiwa na sarafu. Wajerumani walipokatiwa njia ya fedha kutoka kwao, waligonga zao hapohapo Tabora, katika karakana ya reli: dhahabu ya rupia 15, tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916 chini. Askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa pande zote mbili hawana mtaa wala ubaroni.

Januari tuna mbili. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipovunjwa na Mjerumani Tom von Prince, aliiwasha ghala ya baruti akiwa ndani, asikamatwe mzima. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kubishana kuhusu kura tatu: kila mpigakura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iharibike. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama cha ANC, na TANU ikazoa viti. Uamuzi huo wa kushiriki, ulioitwa Uamuzi wa Busara, umeingia katika majina na hotuba, lakini ukiwauliza watu ulipitishwa tarehe ngapi, wengi watakutajia mwaka tu.

Ninayeona kaonewa zaidi ni Mirambo. Alifariki Desemba 2, 1884. Urambo kulikuwa na kituo cha wamisionari wa Uingereza, hivyo hapa kalenda haikukosekana. Mtu aliyezizuia bunduki za Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kuijenga dola kutoka utemi mdogo hana siku yake katika kalenda ya taifa. Tatizo lake jingine ni ujirani: wiki moja baadaye ni Desemba 9, na kila mpambaji wa majukwaa ana kazi ya Uhuru. Desemba 2, 2034 itatimia miaka 150, nayo itaangukia Jumamosi. Urambo wana muda wa kutosha kuandaa bajeti.