Thole, Neno la Wenye Kubeba

Katika lugha ya Kiskoti, inayosemwa huko Uskoti na katika baadhi ya sehemu za Ireland ya Kaskazini, liko tendo moja fupi ambalo wafasiri hulitolea jasho. Tendo hilo ni "thole". Th yake hutamkwa kama ile ya "thelathini" yetu, na e ya mwisho haisikiki. Ukiuliza maana yake utajibiwa kuwa ni kuvumilia. Jawabu hilo si la uongo, bali ni la haraka, na haraka katika mambo ya lugha haina baraka.

Kwanza ifahamike kuwa Kiskoti si Kigaeli, lugha ya milimani na ya visiwa vya magharibi vya nchi ile. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, na wote wawili wametokana na Kiingereza cha kale. Mfalme wa Uskoti alipohamia London mwaka 1603 kurithi na kiti cha Uingereza, na mabunge mawili yalipounganishwa mwaka 1707, lugha ya wakubwa ikawa Kiingereza cha kusini. Kiskoti kikabakia jikoni, shambani na baharini, na watoto wengi walichapwa shuleni kwa kukisema. Hata hivyo hakikufa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, watu wapatao milioni moja na nusu walisema kuwa wanaijua lugha hiyo, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi pamoja na Kigaeli.

Neno "thole" ni miongoni mwa maneno ambayo Kiingereza cha London kiliyatupa na Kiskoti kikayaokota. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "þolian", na jamaa zake wako Ujerumani na Norway hadi leo. Waingereza wa kusini walipopata maneno mapya kutoka kwa Wafaransa waliliacha lile la zamani. Watu wa kaskazini waliendelea nalo. Robert Burns, mshairi mkuu wa nchi ile, alilitumia mwaka 1785 alipomtungia shairi panya ambaye tundu lake lilibomolewa na jembe la plau, na baridi ya mwaka inakaribia. Panya yule hakuambiwa kwamba mambo yatakuwa mazuri. Aliambiwa tu kuwa majira ya baridi yapo mbele yake na hana nyumba, na hali hiyo ndiyo atakayolazimika "kuithole".

Hapo ndipo penye kiini cha neno. Msemaji wa Kiskoti anapolitumia haahidi malipo. Anayetholi anabeba, basi. Mzigo upo, mabega yapo, na mtu hajaanguka. Seamus Heaney wa Ireland ya Kaskazini, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, ameeleza kuwa alipokuwa akifasiri utenzi wa kale wa Beowulf alilikuta neno hili katika faharasa ya maneno, akakumbuka kuwa shangazi yake alikuwa akilisema wakati jirani wamefikwa na msiba wa ghafla. Liliingia huko kwao pamoja na wahamiaji wa Kiskoti wa karne ya 17. Mtaalamu alilitafuta katika vitabu, kumbe alikuwa nalo nyumbani.

Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kuingia skuli za Serikali tunaweza kulipima neno hili kwa mizani yetu. Kiarabu kimetupa "sabr", ambayo ni kujizuia na kuthibiti mbele ya dhiki. Kiswahili kimeipokea kwa sura mbili. "Subira" imebakia na heshima yake, lakini "kusubiri" kumeteremka daraja mpaka kukawa ni kungoja tu: mtu anasubiri gari, anasubiri zamu, anasubiri saini ya mkubwa. Katika Kiskoti jambo hilo halikutokea. Mtu hawezi "kutholi" gari. Kwa hivyo, kama ningetakiwa kulifasiri neno hili ningeliacha "kusubiri" mbali kabisa, nikachukua "kuhimili", kwa kuwa asili yake ni kubeba, kama chombo kinavyohimili shehena.

Tofauti hii si ya walimu wa lugha peke yao. Mara ngapi tumesoma barua ya ofisi inayowataka wananchi "kuwa na subira" juu ya maji yasiyotoka au gati isiyokwisha, wakati mwandishi wa barua anakusudia kuwa waendelee kungoja? Neno la ibada limeazimwa kufanya kazi ya saa ya ukutani. Sura ya Al-Asri, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua kwa moyo kwa ufupi wake, inataja kuusiana haki kwanza, na kuusiana subira baadaye. Mpango huo hatuuoni katika barua nyingi.

Kiskoti kina matumizi mengine pia, mepesi zaidi. Mpishi akionja mchuzi akaona umepooza, husema kuwa unaweza "kutholi" chumvi zaidi, yaani bado una nafasi ya kuichukua. Zamani lilikuwa na maana ya kuruhusu vile vile. Na ndugu zangu mabaharia wasichanganyikiwe: kile kijiti cha ukingoni mwa mashua kinachozuia kasia, kinachofanya kazi ya kishwara chetu, nacho kwa Kiingereza huitwa "thole", lakini hilo ni neno jengine kabisa lenye asili yake.

Mahala ambapo neno hili limepata nguvu kuliko kote ni mahakamani. Mkataba wa muungano wa mwaka 1707 uliziacha sheria na mahakama za Uskoti mahala pake, na kwa sababu hiyo mawakili wa Edinburgh wakahifadhi maneno ambayo mabwana wengine waliyaonea haya. Mshitakiwa aliyekwisha kusimama mbele ya hakimu na baraza la wazee wa mahakama, ambalo huko ni la watu 15 katika kesi kubwa, akapata hukumu yake, husemwa kuwa "amekwisha kuutholi" mkutano wake. Maana yake ni kuwa haiwezekani kumrejesha tena kizimbani kwa kosa lile lile. Kanuni yenyewe si ya Waskoti peke yao. Imo katika sheria za nchi nyingi, na yetu ikiwemo. Ila wao wameieleza kwa neno la mtu anayebeba. Wameona kuwa kushitakiwa na Serikali ni mzigo, hata kwa asiye na hatia, na kuwa Serikali haina ruhusa ya kumtwika mtu mmoja mzigo huo mara mbili.

Lakini mizigo haibebwi na washitakiwa tu. Mwezi wa Oktoba 1977, wasichana wawili wenye umri wa miaka 17, Christine Eadie na Helen Scott, walionekana kwa mara ya mwisho katika baa moja ya Edinburgh iitwayo World's End. Siku ya pili maiti zao zilikutwa mashariki ya mji. Miaka 30 ilipita kabla ya Angus Sinclair kufikishwa mahakamani, mwaka 2007, na jaji aliifunga kesi kwa kuona kuwa ushahidi haukutosha. Kwa mujibu wa neno lile la kale, Sinclair alikuwa amekwisha kutholi. Waliobakia kutholi ni wazee wa watoto wale.

Kilio kilichofuata ndicho kilicholisukuma Bunge la Uskoti kutunga sheria mpya mwaka 2011. Kanuni ya zamani ilibakizwa, lakini ikatobolewa milango michache: kesi iliyovurugwa kwa hila, mshitakiwa aliyekiri baada ya kuachiwa, na ushahidi mpya wenye uzito katika makosa makubwa kama vile kuua. Mwendesha mashitaka hawezi kujifungulia mlango huo mwenyewe. Sharti aombe idhini ya Mahakama Kuu. Idhini ilitolewa kwa Sinclair, kwa kuwa njia mpya za kupima chembe za mwili katika nguo za marehemu zilionesha yasiyoonekana mwanzo. Mwezi wa Novemba 2014 alitiwa hatiani na kupewa kifungo cha maisha, akiwa hana ruhusa ya kuomba kuachiwa kabla ya kutimiza miaka 37. Idadi hiyo ni sawa na miaka iliyopita tangu mauaji yenyewe.

Sinclair alifia jela mwaka 2019. Neno halikuondolewa. Hata sasa mshitakiwa aliyekwisha kuhukumiwa huko anaweza kupeleka hoja kuwa amekwisha kutholi, na mahakama haina budi kumsikiliza kabla ya jambo jengine lolote.