Rumtopf: Chungu cha Matunda na Ramu

Katika nchi ya Ujerumani, ambako matunda huiva kwa miezi michache ya joto na baada yake miti hubaki mitupu hata mwaka mwingine, wenye nyumba wamezoea tangu zamani kuweka akiba ya neema hiyo ndani ya chungu kirefu kiitwacho Rumtopf, wakiyazamisha matunda katika ramu na sukari tangu mwezi wa Juni, na kuyangoja hata Krismasi ikaribiapo.

Ramu hutokana na miwa, na miwa haioti katika baridi ile. Lakini bandari ya Flensburg, iliyo kaskazini kabisa, ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark mpaka vita vya 1864, na tangu karne ya 18 merikebu zake zilisafiri hadi visiwa vya Denmark katika bahari ya Karibi, zikarejea na shehena za sukari na ramu, na hivyo kinywaji cha ugenini kikapata makazi katika upishi wa wenyeji.

Kazi yenyewe haihitaji moto. Stroberi nzima, zisizo na doa, huoshwa, hutolewa vikonyo na kukaushwa. Nusu kilo yake huchanganywa na robo kilo ya sukari, huachwa kama saa moja zitoe maji, kisha hutiwa chunguni na kumiminiwa ramu yenye nguvu ya asilimia 54 hata izidi matunda kwa upana wa kidole. Sahani ndogo huwekwa juu ili tunda lisielee, na chungu hufunikwa na kuhifadhiwa mahali penye baridi pasipo nuru. Kila tunda jipya huongezwa kwa kanuni ile ile kadiri ya msimu wake: cheri, aprikoti, pichi, plamu, na mwishowe zabibu na pea mwezi wa Septemba au Oktoba, kisha chungu huachwa kitulie wiki nne hadi sita.

Ramu kali haikuchaguliwa kwa anasa. Sukari huyavuta maji ya tunda, kileo hupenya ndani, na vijidudu vya uchachu hukosa maisha. Lakini kila tunda liingialo huleta maji yake na kuipunguza ramu nguvu. Mapovu yakionekana, uchachu umeanza, na dawa yake ni kuongeza ramu kali bila kukawia. Tikiti, kwa wingi wa maji yake, huepukwa.

Wengi hukifungua chungu Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majira ya kungojea Krismasi, wakapakua matunda juu ya aiskrimu au keki. Hata hivyo, utamu usimhadae mtu: hicho ni kileo kamili, Mwislamu hana ruhusa nacho, na aliye na ruhusa na akipime kwa kijiko, asimpe mtoto wala mja mzito, wala asishike usukani baada yake.