Ukoko mweupe bafuni: tuuondoe bila kujidhuru

Ndugu wakazi wa Kakuma,

Tunapopita nyumba kwa nyumba, akina mama wengi hutuuliza: "Mbona nasugua beseni kila siku na weupe hautoki?" Huo si uchafu wa kawaida. Maji yetu hutoka kwenye visima virefu. Yakiwa chini ya ardhi hubeba madini ya mawe, hasa kalsiamu na magnesi. Maji yakikauka, madini hubaki na kuganda kama chokaa.

Je, ukoko huo ni sumu? Hapana. Lakini uchafu na utelezi hujishika juu yake, na hapo vijidudu hupata maficho.

Jirani yangu mmoja alichoka kusugua. Akamwaga klorini pamoja na dawa ya choo yenye asidi, mlango umefungwa. Alitoka mbio akikohoa, macho yakimtoka machozi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu. Na klorini haikuweza kumsaidia: inaua vijidudu, haiyeyushi ukoko.

Fanya hivi:

1. Kwa beseni, ndoo na jagi la plastiki, tumia limau au siki. Hata ganda la limau lililokwisha kukamuliwa linafaa.
2. Paka, acha nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa au brashi. Ukoko ukiwa mnene, rudia.
3. Suuza kwa maji mengi. Ukitaka kutumia klorini, ngoja siku nyingine.
4. Sakafu ya saruji na mlango wa mabati usivipake limau wala siki, kwani asidi huvila. Tumia brashi ngumu na sabuni.
5. Kila ukimaliza kuoga, futa beseni likauke. Maji yasipokaukia humo, ukoko hauongezeki.

Usichanganye kamwe klorini na siki, limau au dawa ya choo. Ziweke mbali na watoto, na usizitie kwenye chupa za soda.

Mtu akivuta gesi hiyo, mtoe nje haraka apate hewa safi. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi dakika 15. Kisha mpeleke kliniki, hata kama anasema amepata nafuu.

Beseni lenye weupe kidogo halijamuua mtu. Tusihatarishe pumzi zetu kwa ajili yake. Kinga ni bora kuliko tiba.